Usiku Uwe Mbele au Nyuma?

Juzi mmoja wenu alinipigia simu nikiwa nakuna nazi. Shikamoo yake ilikuwa ya heshima mno, nikajua ana shida. Akaniambia mnasafisha programu ya zamu, ile tuliyoianza sisi, na mmekuta ndani yake swali ambalo ofisi nzima haijui lilitoka wapi: "Usiku uwe mbele au nyuma?" Wateja wote wa mjini wamejibu "nyuma" tangu zamani, na mnataka kulifuta. Nilimwambia asiguse kitu mpaka niandike. Niliporudi kwenye mbuzi yangu nikakuta kuku wanajihudumia, kwa hiyo mjue kwamba maelezo haya yameshanigharimu nazi.

Jina langu ni Mwanahawa, lakini pale Barabara ya Nane, Tanga, ghorofani juu ya duka la vipuri vya baiskeli, waliniita Bi. Viraka. Wala sikuchukia. Kiraka ndilo jina tulilolipa rekebisho dogo la programu, na kazi yangu ilikuwa kuamua ni viraka gani vya toleo jipya virudishwe nyuma, kwa wateja waliobaki na toleo la zamani. Nyie leo programu zenu zinajirekebisha wenyewe mmelala, asubuhi mnaamka mnakuta kitufe kimehamia upande mwingine. Sisi kiraka kilikuwa kitu cha kushika mkononi. Kilikaa kwenye diski, diski ikakaa kwenye bati la biskuti, na bati likapakatwa kwenye basi kama mtoto mgonjwa.

Niliingia katika kazi hii wakati wa dhiki. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mkonge, siku zile ambazo sabuni ilipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana. Ribani ya taipu ikikauka tuliipaka mafuta kidogo, tukaikunja, tukaiacha ilale, na kesho yake iliandika tena. Aliyenitoa pale ni Mzee Hamadi, Mpemba mmoja mrefu, mpole, mtengenezaji wa redio, ambaye alijifunza kompyuta kwa kuzifungua. Aliniona nikiizungusha ile ribani akasema mwanamke mwenye subira ya namna hiyo asipotee kwenye taipu. Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi, kwa sababu sikumwambia vya kutosha alipokuwa hai.

Kisha biashara ikafunguliwa. Bandarini zikashuka kompyuta mpya kutoka Uarabuni, zikiwa bado na harufu ya plastiki, na wenye uwezo wakazinunua. Kwa ajili yao tukatengeneza toleo la tatu la programu yetu ya zamu, zuri, lenye rangi. Lakini mashine za zamani hazikuweza kulibeba. Waliokuwa nazo walibaki na toleo la pili: maghala ya chumvi, shule moja ya bweni, mashamba ya mkonge yaliyokuwa yakingoja mwenye mali mpya. Wengine ofisini waliwaita wateja wa jana. Mimi niliwaita watu wangu.

Kila kosa tulilolitibu kwenye toleo la tatu lilijadiliwa siku ya Jumatatu. Yusufu, kijana mwenzangu mwenye mikono myepesi kuliko sote, kila mara alitaka viraka virudi vyote. Alisema kosa ni kosa, huwezi kumtibu tajiri ukamwacha maskini. Maneno yake yalikuwa matamu, na mara nyingine yalikuwa kweli. Kiraka cha kosa linalomeza kazi ya mtu kilirudi siku hiyohiyo, bila mjadala. Kosa la sura mbaya, herufi imekaa upande, lilibaki lilipo. Ugomvi wote ulikuwa juu ya yale ya katikati.

Kwa hayo ya katikati, Mzee Hamadi alikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa Mama Mkwe. Hiyo ilikuwa kompyuta kuukuu, sawasawa na zile za wateja wetu, aliyoiweka kwenye kona akiifunika kwa kitambaa cha kufuma. Hakuna kiraka kilichotoka mlangoni bila kupita kwa Mama Mkwe kwanza, nawe ukae mbele yake kwa adabu, ungoje, maana alikuwa mzito na alinuna kwa jambo dogo. Yusufu aliwahi kumpiga ubavuni akidhani ameganda. Aligoma mpaka siku ya pili, na Yusufu akasimangwa na ofisi nzima.

La pili lilikuwa swali. Sisi tuliwauliza wateja kama wanalo kosa fulani. Yeye aliwauliza: "Mwaishi nalo vipi?" Nililiona ni swali la Kipemba tu, la watu wasio na haraka, mpaka yalipotokea ya Moa.

Pale Moa palikuwa na karani wa ghala la chumvi ambaye programu yake ilikuwa na kilema: ukibonyeza kitufe cha kuchapa, mbonyezo wa kwanza haukusikika. Tukarekebisha, tukampelekea kiraka kwa basi, tukajipongeza. Baada ya muda kondakta akatuletea salamu: karatasi zimekwisha, na nyingine za kuandikia hana. Kumbe mwenzetu kwa muda wote ule alizoea kubonyeza mara mbili, kidole chake kikajua njia. Sasa kila mbonyezo ulisikika, na kila kitu kikachapwa mara mbili. Wakati ule karatasi ya mashine ilikuwa haionekani madukani. Mzee wa watu akawa anaandika zamu za wachota chumvi nyuma ya maboksi ya sabuni, na alituomba kwa upole sana tumrudishie ubovu wake. Tulicheka mpaka machozi, lakini Mzee Hamadi alicheka kidogo tu.

Sasa niwafikishe Ng'ambo.

Ng'ambo ndilo jina tulilolipa shamba moja la mkonge upande wa pili wa mto Pangani. Lilikuwa na korona yake, ile mitambo mikubwa ya kuchambua mkonge, na umeme wa jenereta uliofanya kazi korona ikiwa inazunguka. Lilikuwa pia na zahanati yenye wodi ndogo ya wazazi. Karani wa zamu alikuwa Bi. Fatuma, mama mnene wa sauti ya chini, ambaye alipanga wakunga, walinzi na watu wa pampu kwa toleo letu la pili. Alitutumia maembe kila msimu, yamefungwa kwa ukindu.

Toleo hilo la pili lilikuwa na kosa la usiku. Karatasi ya zamu ilikuwa na mistari ya siku, na kila siku ina vyumba vitatu: asubuhi, mchana, usiku, kwa mpangilio huo. Mtu wa ofisi ya mjini akisoma Alhamisi, usiku, alitegemea zamu inayoingia Alhamisi jioni. Lakini programu ilihesabu kinyume. Usiku iliouandika kwenye mstari wa Alhamisi ulikuwa umeshapita, ule ulioingia Jumatano jioni na kwisha Alhamisi alfajiri. Mjini walinzi walikuja siku sizo, na malango yakakaa wazi. Katika toleo la tatu Yusufu alilitibu, na lilikuwa tiba safi. Jumatatu ile akasema kwamba kiraka hiki sasa hakina ubishi, kirudi nyuma.

Kabla hatujaamua, ujumbe ukaja kutoka Ng'ambo. Shamba lilikuwa limepata mwenye mali mpya, na mwenye mali ameleta meneja, Bwana Komba, mtu wa bara, mchapakazi. Alhamisi moja jioni mkewe Bwana Komba alishikwa na tumbo. Bwana Komba akatazama karatasi ukutani: Alhamisi, usiku, Mwanaidi. Akaenda zahanati akamkuta mkunga mwingine, Rehema. Mkewe alitibiwa vizuri, akapona, lakini bwana alihesabu mambo yake. Akamwuliza Rehema, akaambiwa ni zamu yake halali. Akaona Bi. Fatuma anabadilisha watu kwa kujuana, karatasi inasema hivi na wodini ni vingine. Na huo ulikuwa wakati wa kupunguza wafanyakazi, kila shamba likitafuta makarani wa kuaga. Akampa Bi. Fatuma mpaka mwisho wa wiki ajieleze au afungashe.

Mnaona jinsi mambo yalivyokaa. Kiraka cha Yusufu kilikuwa kimeshapikwa. Tukikipeleka, meneja ataona kwa macho yake kwamba kosa lilikuwa la programu, na Bi. Fatuma atabaki kazini. Yusufu alikuwa tayari ameshaweka diski kwenye bati. Mimi pia nilitaka kiende. Yale maembe yalikuwa bado mdomoni mwangu.

Mzee Hamadi hakukataa. Alisema niende mwenyewe, maana miguu yake haikuweza tena safari, na kabla sijakiacha nikaulize lile swali lake.

Barabara ya Pangani ilinitikisa mpaka meno, na pantoni ilikuwa mbovu. Tukavushwa kwa mtumbwi, bati nimelifunga ndani ya kanga mbili nisije nikaliogesha maji ya mto. Bi. Fatuma alinipokea kwa uji wa mchele na habari za watu wote wa kwetu, hakunung'unika hata kidogo. Korona ilipoanza kunguruma na umeme ukaja, nikaingiza kiraka kwa majaribio, akachapa zamu za wiki ijayo. Rehema alikuwa amekuja kusikiliza. Alikuwa mkunga kijana, mwembamba, na kwenye wodi ile wakunga walikuwa wachache mno kwa wazazi waliokuwepo.

Bi. Fatuma aliinamia karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa Ijumaa na kusema kwamba hapa Rehema ataunganisha. Nikatazama. Ijumaa: asubuhi Rehema, mchana mwingine, usiku Rehema. Nikamweleza kwamba haunganishi, anafanya asubuhi, anapumzika mchana kutwa, anarudi jioni. Wote wawili wakanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema Bi. Fatuma, "usiku wa Ijumaa si ndio ule wa kisomo? Waingia Alhamisi, jua likizama."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa na bibi aliyeanza siku yake magharibi kila siku ya maisha yake. Jua likizama Alhamisi, kwake Ijumaa imeshaingia: ndipo tunapofukiza udi, ndipo tunaposoma. Nilijua hayo nyumbani, na ofisini nikayaacha mlangoni pamoja na viatu. Kumbe kwa watu wa Ng'ambo lile kosa la programu halikuwa kosa. Karatasi iliuweka usiku palepale walipouweka wao. Na kwa kuwa programu ilijua usiku umetangulia, aliyekesha hakupangwa asubuhi inayofuata. Kiraka chetu kingeondoa ulinzi huo. Kwa usomaji wao Rehema angekesha wodini, kisha asubuhi ileile, bila kulala, apokee mtoto wa mtu.

Nikauliza swali la Mzee Hamadi, ingawa jibu lilikuwa mbele yangu. Mwaishi nalo vipi? Rehema akasema wanaishi nalo vizuri tu, alhamdulillahi. Waume zao wanajua siku ya kuwasindikiza, wazazi wanajua watamkuta nani, hata mlinzi wa lango anajua. Hakujua kama ni ubovu mpaka mimi nilipokuja kuutibu.

Sasa nikawa na shida ya kweli. Nikikiacha kiraka ndani, wodi inaharibika. Nikikiondoa, Bi. Fatuma atasimama mbele ya meneja na karatasi ileile inayomshitaki. Nilimwambia hivyo, sikumficha. Alikusanya bakuli za uji polepole, akazipanga.

"Kama kiraka chako chanisafisha mie na chamwumiza Rehema," akasema, "rudi nacho Tanga."

Nilikitoa. Nikarudisha programu yao kama ilivyokuwa, herufi kwa herufi, kisha nikakaa mbele ya ile mashine nikiitazama kama nilivyozoeshwa kwa Mama Mkwe, kwa adabu. Nikawaza kwamba hesabu ya programu ni sahihi kwa watu hawa, na meneja naye alisoma sawasawa kile kilichoandikwa. Kilichobaki ni karatasi yenyewe. Kwa nini usiku ukae mwisho wa mstari, wakati kwa hesabu hii ndio wa kwanza kufika? Nikagusa sehemu ya kuchapa peke yake. Nikautoa usiku nyuma nikauweka mbele: usiku, asubuhi, mchana. Chini ya chumba cha usiku nikaongeza siku na saa ya kuingia, ili hata mgeni wa jana asome bila kuuliza. Hesabu sikuigusa hata kidogo. Nilimaliza kabla king'ora hakijalia na korona kuzimwa.

Bwana Komba tulimkuta kwenye kivuli cha ghala akipima marobota. Bi. Fatuma alimpa karatasi mbili, ya ile wiki ya ugomvi iliyochapwa upya, na ya wiki inayofuata. Alisoma amesimama. Aliufikia mstari wa Ijumaa: usiku, unaingia Alhamisi saa kumi na mbili jioni, Rehema. Akarudi nyuma, akasoma Alhamisi: usiku, unaingia Jumatano, Mwanaidi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mimi nilihofu, kwa sababu mtu mwingine angeweza kusema karatasi mpya imetengenezwa kumwokoa mtu.

"Kwa hiyo Rehema alikuwa kwenye zamu yake," akasema hatimaye. "Mbona hukunieleza hivi, mama?"

"Uliniambia nijieleze nimembadili nani, bwana, na sikumbadili mtu. Hukuniuliza siku yaanza lini."

Bwana Komba akasema kwao siku inaanza jogoo akiwika, akacheka mwenyewe, na akamwomba radhi palepale mbele ya wapima mkonge. Nampa sifa yake, si wengi wangefanya. Bi. Fatuma alibaki kwenye meza yake mpaka alipostaafu kwa hiari yake. Siku ile tulipotoka pale alinishika mkono na hakuuachia mpaka kwenye mtumbwi.

Mzee Hamadi aliichukua diski yangu akaipitisha kwa Mama Mkwe, ingawa ilikuwa imeshatumika. Alisoma nilichobadilisha, akaniambia nimeshona padogo. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, nilitembea nayo wiki nzima. Yusufu naye, mwungwana yule, ndiye aliyesema kwamba safari hii kiraka kisafiri kwenda mbele: toleo la tatu nalo liwe na njia ya kuutanguliza usiku, kwa hesabu na kwa karatasi, ili siku Ng'ambo wakipata mashine mpya wasipoteze usiku wao. Aliandika mwenyewe lile swali. Basi, wanangu, hapo ndipo lilipotoka.

Najua mtakachosema. Mtasema Ng'ambo haionekani tena kwenye wateja wenu. Ni kweli. Ile kompyuta ilikufa, jenereta ikauzwa, shamba likapita mikono mingine. Nami nilipopigiwa simu na mwenzenu nilijiuliza kama sing'ang'anii tu ujana wangu. Kwa hiyo jana nilipanda gari nikaenda. Pantoni sasa ni nzima, na bodaboda zinapanda humo kama mbuzi. Bi. Fatuma amezeeka, hasikii vizuri, lakini alinijua. Tulilia kidogo, tukanywa chai.

Kisha nikapita zahanati. Ipo bado, imepakwa rangi. Ukutani pana karatasi ya zamu, imepigwa mistari kwa rula na kuandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, hakuna mashine iliyoigusa. Nikavaa miwani. Usiku, asubuhi, mchana. Chini ya usiku, kwa mwandiko mdogo, siku na saa ya kuingia.

Mkunga aliyekuwepo ni binti aliyezaliwa baada ya haya yote. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamwuliza kwa nini usiku wameuandika mbele. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango uko ukutani.

"Ndivyo siku inavyokwenda, bibi," akasema. Halafu akaniomba radhi, kuna mama alikuwa akimwita wodini, akaenda. Macho yake yalikuwa meupe, ya mtu aliyelala vizuri.